Kikokotoo cha Rubani na Gunia la Lumbesa

Maneno haya yalisemwa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wahisani waliotembelea kazi zetu Dodoma.

Tumeombwa tueleze habari ya kile kifaa mlichomwona rubani akikibonyeza jana pale uwanjani, kabla hajaruhusu hata boksi moja lipakiwe. Wengine mlidhani ni simu. Mama mmoja aliuliza kama ni mashine ya kutolea risiti. Ni kikokotoo cha urubani, na tunaona wastaafu waliomo humu wameshtuka kusikia neno hilo. Tulieni, wazee wetu, si kile cha mafao. Hiki hakimpunguzii mtu pensheni, ingawa kinaweza kumpunguzia mzigo.

Sisi tunaosema hapa si marubani wote. Yupo kati yetu anayerusha, wapo wanaopakia, na wapo wanaokaa ofisini kupokea simu zenu na kuandika safari. Tutasema kwa niaba ya wote hao, na rubani atatusahihisha tukipotoka.

Tuanze na lawama, maana ndizo zilizotuleta kwenye mada hii. Kiangazi kilichopita kamati moja, ambayo hatutaitaja, ilituandikia barua kali. Ndege ilifika kijijini saa saba mchana, ikamchukua mgonjwa na ndugu yake mmoja, ikamwacha ndugu wa pili pamoja na mizigo yao. Barua iliuliza: viti viwili vilikuwa vitupu, kwa nini mtu aachwe? Je, ni dharau? Swali hilo ni la haki kabisa. Kiti kitupu ndani ya ndege kinauma kuliko kiti kitupu ndani ya basi, kwa sababu basi la pili litakuja kesho. Jibu lilikuwa ndani ya kile kikokotoo, na leo tungependa kulifungua mbele yenu.

Huduma ya ndege ndogo si jambo geni kwetu. Mwaka 1957 madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege huko Kenya, ambayo ndiyo chimbuko la AMREF. Hapa Dodoma ndege za MAF zilizoeleka kwa miongo mingi. Katika miaka hiyo yote hesabu za safari zilifanywa kwa mkono, kwa kalamu ya risasi na kwa rula ya duara yenye visahani viwili vinavyozungushwa. Rula hiyo marubani huiita E6B. Ilitokana na kazi ya Philip Dalton, ofisa wa akiba wa jeshi la majini la Marekani, katika miaka ya 1930, naye alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1941. Bado inafundishwa, na rubani wetu anayo moja mkobani mwake, imechakaa pembeni kama Biblia ya babu.

Kikokotoo cha kielektroniki ni mjukuu wa rula hiyo. Kinaenea kiganjani, kina vitufe na kioo cha mistari michache, na kinatumia betri ndogo. Hakina antena. Hakijui kama kipo Dodoma au Kigoma. Kinachojua ni hesabu tu: mwendo, muda na umbali, mafuta, upepo, joto na mwinuko, uzito na mahali uzito ulipokaa, na kubadili vipimo, galoni kuwa lita, pauni kuwa kilo, futi kuwa mita. Kinabadili hata saa. Hilo la saa msilicheke. Ninyi mkisema ndege ije saa mbili asubuhi, ofisi inaandika saa 8:00, naye rubani katika karatasi zake za safari anaandika 5:00, kwa kuwa usafiri wa anga hutumia saa moja dunia nzima, nayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Safari moja, saa tatu tofauti. Ndiyo maana tunawaomba mseme na "asubuhi" au "mchana" kila mara, hata kama mnaona ni jambo lililo wazi.

Sasa upepo. Wenzetu wa Mtera watatuelewa haraka. Mvuvi anayetaka kuvuka bwawa wakati upepo unavuma kutoka ubavuni haelekezi mtumbwi pale anapotaka kufika. Anauelekeza juu kidogo, upande unakotoka upepo, ili msukumo umlete mahali pake. Ndege nayo hufanya hivyo hivyo, ila mvuvi anaona ufuko na rubani mara nyingi anaona vumbi na miombo tu. Chukueni safari ya kutoka Dodoma kwenda Arusha, umbali wa karibu kilomita 325, kaskazini na kidogo mashariki. Hapa kwetu upepo wa kiangazi huja zaidi kutoka mashariki. Tuseme unavuma kilomita 40 kwa saa na ndege inakwenda kilomita 220 kwa saa hewani. Rubani akiingiza namba hizo, kikokotoo kitamwambia ageuze pua kulia kwa digrii 10 hivi, na kwamba juu ya ardhi mwendo wake utakuwa kama kilomita 205 kwa saa. Asipogeuza, baada ya saa moja na nusu atakuwa amesukumwa karibu kilomita 60 magharibi, maeneo ya Makuyuni, akiutafuta mji ambao haupo chini yake.

Upepo una tabia nyingine ambayo watu wengi hawaitegemei, na ndiyo inayogusa mfuko wa wahisani. Watu husema upepo ukikuzuia wakati wa kwenda utakusaidia wakati wa kurudi, basi hesabu zinasawazika. Hazisawaziki. Tutumie njia mnayoijua, Dodoma hadi Dar es Salaam, ambako kwa ndege ni kama kilomita 390. (Tunajua kwamba tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika hapa na hakuna mtu mwenye akili atakayetuomba ndege ndogo ya kwenda Dar. Ni mfano tu.) Ndege ileile ya kilomita 220 kwa saa, upepo ukiwa usoni kwa kilomita 40, itasafiri kwa kilomita 180, nayo itatumia saa mbili na dakika kumi. Ikirudi na upepo mgongoni itasafiri kwa kilomita 260, nayo itatumia saa moja na nusu. Jumla ni saa tatu na dakika arobaini. Siku isiyo na upepo ingetumia kama saa tatu na dakika thelathini na tatu kwenda na kurudi. Upepo umechukua dakika saba na haukuzirudisha, kwa sababu ndege ilikaa muda mrefu zaidi katika ule upande wa taabu.

Tuzigeuze dakika ziwe lita. Ikiwa injini inakunywa lita 60 kwa saa, kwenda ni lita 130 na kurudi ni lita 90. Juu ya hizo rubani lazima awe na akiba. Kanuni za kimataifa hazimruhusu kuruka mchana kwa kuona ardhi akiwa na akiba ya chini ya dakika 30, na rubani mwenye busara huku kwetu hubeba zaidi, maana kiwanja anachokiendea kinaweza kuwa na ng'ombe.

Na hapa ndipo tunapofikia kile kiti kitupu. Kijijini hakuna pampu ya mafuta ya ndege. Mafuta ya kurudia ni lazima yaje na ndege yenyewe. Lita moja ya petroli ya ndege ndogo ina uzito wa karibu gramu 720, kwa hiyo zile lita 90 za kurudia ni kilo 65. Hiyo ni sawa na mtu mzima mmoja. Kiti mlichokiona kitupu kilikuwa na mtu tayari, ila alikuwa amelala ndani ya bawa.

Ndugu wa pili aliachwa kwa sababu nyingine pia, nayo ni ile saa saba mchana. Mji wa Dodoma uko mita 1,120 hivi juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na jua likiipasha moto inakuwa nyepesi zaidi. Bawa hushika hewa kama jembe linavyoshika udongo: hewa ikiwa nyepesi, hakuna cha kushika. Injini nayo hupumua hewa hiyohiyo, hupungukiwa nguvu. Rubani huingiza kwenye kikokotoo mwinuko, kanieneo ya hewa na joto, nacho humpa kimo ambacho ndege inajihisi ipo. Asubuhi joto likiwa digrii 18, ndege iliyosimama Dodoma hujihisi kana kwamba ipo karibu mita 1,500. Saa nane mchana, joto likifika digrii 31, hujihisi ipo karibu mita 1,950. Ni kana kwamba uwanja wetu umehamishwa kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana, ukapelekwa Njombe, bila ile baridi ya Njombe.

Mamlaka ya anga ya Uingereza imewapa marubani wa ndege ndogo mwongozo wa makadirio ambao unasaidia kuona ukubwa wa jambo hili. Kila futi 1,000 za mwinuko huongeza asilimia 10 ya urefu wa kiwanja unaohitajika ili kuruka. Kila digrii 10 za joto juu ya kiwango cha kawaida huongeza nyingine 10. Majani makavu mafupi huongeza hadi 20. Uzito ukizidi kwa asilimia 10, urefu unaohitajika huongezeka kwa asilimia 20. Na haya hayajumlishwi, huzidishwa moja kwa jingine.

Tuchukue ndege ndogo ya mfano ambayo pwani, siku ya baridi, kwenye lami, inahitaji mita 450 ili iruke na kuvuka miti. Tuilete kwenye kiwanja cha majani chenye mwinuko kama wa Dodoma, saa moja kasoro asubuhi, digrii 18. Inahitaji kama mita 815. Saa nane mchana, digrii 31, inahitaji kama mita 910. Ikizidishiwa uzito kwa asilimia 10, inavuka mita 1,090. Mwongozo uleule unashauri kuongeza theluthi moja juu ya jibu la mwisho, kwa ajili ya injini iliyozeeka, rubani aliyechoka na mambo yasiyotabirika. Sasa pimeni kwa hatua viwanja vyenu mkirudi nyumbani. Vingi havifiki hapo.

Kwa ndege ya kilo 1,600, asilimia 10 ni kilo 160. Ni watu wawili na mzigo mdogo, yaani ni yule ndugu wa pili, mizigo ya familia, na kitu kingine kimoja ambacho hakuna aliyekitaja kwenye simu.

Wajumbe wa kamati, sehemu hii ni yenu hasa.

Kikokotoo hakina macho. Rubani akikiambia kwamba mzigo ni kilo 300, kitafanya hesabu ya kilo 300, kwa usahihi usio na doa, hata kama mzigo ni kilo 380. Hakitatikisa kichwa wala hakitauliza mara mbili kama wauliza mama wa sokoni. Na namba hiyo ya kilo 300 haitoki kwa rubani. Inatoka kwenu. Mtu wa kamati anapiga simu jioni na kusema, "Magunia matatu na watu wawili."

Ndugu zangu, gunia si kipimo. Sisi sote ni watu wa mikoa ya kilimo na tunajua lumbesa. Gunia linaloitwa la kilo 100 linashonewa kofia juu, linabeba debe moja au mawili ya ziada, na bado kwenye simu linabaki "gunia moja". Serikali imelipiga vita jambo hilo kwa miaka mingi kwa sababu linamnyonya mkulima. Kwenye ndege halimnyonyi mtu. Linaweza kumuua. Magunia matatu ya lumbesa yanaweza kuficha uzito wa mtu mzima, na mtu huyo hayumo katika hesabu ya mafuta, hayumo katika hesabu ya urefu wa kiwanja, wala hayumo katika hesabu ya mlingano.

Mlingano ni nini? Mwulizeni yeyote anayeendesha mkokoteni wa punda. Akipakia mzigo wote nyuma, vishikio vinanyanyuka na punda anataka kuning'inia. Akipakia wote mbele, punda anaanguka magoti. Ndege ina mahali pake pa katikati, na pana mipaka ya mbele na ya nyuma iliyoandikwa katika kitabu chake. Kikokotoo huzidisha uzito wa kila kitu kwa umbali wake kutoka mahali fulani pa kupimia, hujumlisha na kugawanya, kisha husema kama katikati hiyo imebaki ndani ya mipaka. Ndiyo maana rubani aliwahamisha jana kutoka kiti hadi kiti kama mwalimu anayetenganisha wanafunzi watundu. Ndiyo maana pia hapendi mtu apenyeze jogoo na kiroba cha karanga kwenye mkia wa ndege wakati yeye anazungumza na mganga. Kilo 15 mkiani zina sauti kubwa kuliko kilo 15 katikati.

Msidhani kwamba hili ni tatizo la vijiji vyetu peke yake. Tarehe 20 Machi 2009, huko Melbourne, Australia, ndege kubwa aina ya Airbus A340 ya shirika la Emirates iliondoka ikiwa na watu 275. Wakati wa kuandaa hesabu kwenye kompyuta, uzito uliingizwa tani 262.9 badala ya 362.9. Tarakimu moja tu, mbili mahali pa tatu. Kompyuta ilifanya kazi yake barabara na kutoa mwendo wa kurukia na nguvu za injini zilizofaa ndege nyepesi kwa tani 100. Mkia ulikwaruza lami, njia ikaisha, na ndege ikanyanyuka baada ya kuupita mwisho wa njia hiyo. Walirudi salama, hakuna aliyeumia. Hao walikuwa marubani wenye uzoefu, na vifaa vyao vilikuwa bora kuliko vyote tutakavyowahi kumiliki sisi.

Kuna kisa cha zamani zaidi, cha tarehe 23 Julai 1983, ambacho sisi wa ofisini tunakipenda kwa sababu kinahusu kilo. Ndege ya Air Canada, Boeing 767 iliyokuwa mpya, ilikuwa na vipimo vya mafuta visivyofanya kazi, hivyo mafuta yakapimwa kwa kijiti na kuhesabiwa kwa mkono. Safari ilihitaji kilo 22,300. Kanada ilikuwa katikati ya kuhama kutoka pauni kwenda kilo, na waliokuwa wakihesabu walitumia namba inayogeuza lita kuwa pauni wakidhani inawapa kilo. Hesabu yenyewe ilikuwa safi. Ndege ikapaa na chini ya nusu ya mafuta, injini zote mbili zikazimika angani, na marubani wakailetea chini kwa kuteleza hewani hadi kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli. Watu wote 69 walipona. Kwa hiyo mtu wa ofisi yetu akikuuliza kwenye simu, "Kilo au lita, mzee?", usikasirike ukaona anakufanya mtoto. Pipa la lita 200 la mafuta ya ndege ndogo ni kilo 144, si 200.

Wahisani wetu kadhaa wametuuliza swali zuri: kwa nini mhangaike na kikokotoo wakati kuna GPS na tableti zenye programu za ramani? Tunavyo, na tunavitumia kwa shukrani. Ila GPS inakuambia ulipo na unavyokwenda sasa hivi. Swali la kama uondoke au usiondoke linaulizwa ukiwa bado umesimama chini, na jibu lake ni hesabu, si ramani. Programu za tableti zinaweza kufanya hesabu hizo pia, tena vizuri. Lakini tableti iliyoachwa juani kwenye dirisha la ndege mwezi wa Novemba hupata joto ikajizima, na kioo chake hakisomeki kirahisi katika mwanga wa huku. Kikokotoo kinafanya kazi moja na hakimletei rubani ujumbe wa kikundi cha harusi. Marekani mwanafunzi anaruhusiwa kuingia nacho katika mtihani wa nadharia ya urubani, jambo ambalo simu yake haitaruhusiwa. Na betri ikiisha, ile rula ya babu ipo mkobani. Rubani wetu ana kawaida ya kukadiria kwa kichwa kwanza, kisha anabonyeza. Majibu yakipishana sana, haamini lolote kati ya hayo mawili mpaka ajue sababu. Sisi tunaona mazoea hayo yana thamani kuliko kifaa.

Hapo tunaomba tuwe wakweli kuhusu fedha. Ni rahisi kupata mhisani wa kifaa. Kina kioo, kinapendeza kwenye picha ya jarida, na bei yake si kubwa. Ni vigumu sana kupata mhisani wa mizani. Mizani ni kitu kizito, kibaya, kimepakwa rangi ya kijivu, na hakuna mtu aliyewahi kupiga nacho picha akitabasamu. Hata hivyo, kama mtatuuliza shilingi ya kwanza iende wapi, tutasema iende kwenye mizani, moja kila kiwanja, iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Shilingi ya pili iende kwa vijana wa kufyeka majani na kufukia mashimo, na kwenye kitambaa cha soksi ya upepo, ambacho jua la Dodoma hukila upesi. Kikokotoo cha pili kinaweza kungoja. Tulichonacho kinajibu haraka kuliko tunavyoweza kukilisha namba za kweli.

Barabara nazo zimebadili kazi yetu. Tangu lami ifike Kondoa na Babati, safari nyingi tulizokuwa tukizifanya kwa ndege hazina maana tena, na tunafurahi. Zilizobaki ni zile ngumu: vijiji ambavyo mvua za Desemba hadi Aprili huvikata, viwanja vifupi, wagonjwa wasioweza kusubiri mto ushuke. Kwa maneno mengine, zimebaki safari ambazo hesabu zake hazina nafasi ya kusamehe.

Kuhusu kupima watu, tumesikia manung'uniko na tunayaheshimu. Wazee wengine wamesema kwamba kupandishwa kwenye mizani mbele ya watu ni kufanywa ng'ombe wa mnadani. Ni kweli, si heshima, na mama mjamzito au mgonjwa hapaswi kutangaziwa kilo zake uwanjani. Basi tumekubaliana hivi na kamati zilizokwisha kujaribu: mizani ikae ndani ya ofisi ya kijiji au nyuma ya pazia, asome mtu mmoja, tena mwanamke kwa wanawake, aandike namba kwenye kikaratasi na kumpa rubani mkononi. Mtu apimwe akiwa amevaa alivyo na ameshika anachokwenda nacho, pamoja na kile kitenge kilichofungwa kitu ndani yake. Mgonjwa asiyeweza kusimama apimwe pamoja na machela na wabebaji, kisha wabebaji wapimwe peke yao na kutolewa.

Safari ya dawa ya mwezi ujao itaanza mapema, ndege itue kwenu kabla ya saa mbili asubuhi na iwe imeondoka kabla ya saa nne. Siku moja kabla, saa kumi jioni, ofisi itawapigia. Tutawauliza mambo manne: kilo za kila boksi na kila mtu, hali ya majani na udongo, upepo umevuma kutoka wapi tangu asubuhi, na kama mifugo imeondolewa. Kwa parokia ambazo bado hazina mizani, pelekeni mizigo yenu kwenye zahanati au kwenye ghala la chama cha ushirika mpime huko, mwandike namba juu ya kila boksi kwa kalamu ya wino mzito. Magunia yafunguliwe na kugawanywa kwenye viroba vya kilo 25 kabla ya siku ya ndege, si pale uwanjani injini ikiwa inanguruma.